Ubeti wa Mpea Mwitu

Jumamosi, 9 Januari 1864

Leo tumeanza kuchambua manyoya. Theluji imefika dirishani na bado inaanguka. Nimewasha jiko tangu alfajiri, nikaziba chini ya mlango kwa gunia, maana upepo ukipenya kidogo tu manyoya yote yanapaa darini na kazi ya siku nzima imekwisha.

Tuko wanne mezani kwangu, kama kila mwaka. Kuna Salomea, jirani yangu tangu utoto. Mwanawe Ksawery aliingia msituni na waasi mwaka jana, na tangu vijana wetu walipopigwa na Warusi kwenye kinamasi cha Topielec mwezi wa Septemba hajaonekana, si mzima si maiti. Kuna Brygida, mtunza nyumba ya padri, anayekula kuliko anavyochambua. Na kuna Emilka, mke wa bwana posta, na hereni zake nyekundu. Warusi wametukataza kuvaa nyeusi za msiba, sawa, lakini nyekundu nani kamlazimisha? Mimi nimevaa sketi ya kijivu juu na nyeusi chini. Kapteni wao akitaka kuikagua aje aniombe ruhusa.

Manyoya ya mwaka huu ni ya Salomea. Anataka mfarishi mkubwa, wa Ksawery.

"Kama yu hai atajifunika mwenyewe," alisema. "Kama amekufa nitamfunika mimi. Mie nataka kujua ni lipi, basi. Silali, jamani."

Brygida alijitia kutafuta unyoya chini ya meza.

Hapo nikaona niwape shairi. Niliwaambia limeletwa na wakata kuni waliokuwa karibu na Topielec siku ile, wakaona kwa macho yao. Wakata kuni ni kweli, niliwahoji mmoja mmoja, na kila jambo lililomo ni kweli. Ila maneno ni yangu. Nimeyatunga jikoni nikimenya viazi. Siku hizi mtu anapelekwa Siberia kwa mistari michache ya namna hii, na mimi sina haja ya sifa kiasi hicho.

Karatasi hakuna. Kila mmoja ameshika beti zake kichwani na hazijui za mwenzake, ili akikamatwa asiwe na cha kutoa. Salomea nilimpa ubeti wa kwanza:

*Waliingia msitu, mikononi wana fyeko,*
*Mmoja mwana wa watu, hakurudi kwenye jiko,*
*Theluji haina utu, haitwambii waliko,*
*Mama hafungi, mwenzetu, mlango u wazi huko.*

Aliurudia mpaka akaujua, huku vidole vikichambua bila kukosea. Ni kweli hafungi. Komeo la mlango wake halijaguswa tangu Septemba, na nyumba yake ni baridi kama ghala.

Daftari hili nalificha kwenye kikapu cha Malkia, bata bukini wangu mzee anayelala nyuma ya jiko. Ameshamng'ata hata padri.

12 Januari

Baridi. Yai moja tu. Brygida kapita kuomba haradali na kuuliza tena shairi limetoka kwa nani. Mara ya pili hiyo.

16 Januari

Nitaandika yaliyotokea, moja moja.

Asubuhi nilikwenda posta kuulizia kifurushi cha binamu yangu. Kapteni Stepurin alikuwa ameegemea kaunta, anakunywa chai na bwana posta kana kwamba ni kwao. Emilka alikuwa pembeni akipanga mihuri. Nikasalimia, kwa sababu asiyesalimia huitwa mkaidi.

"Bibi Apolonia!" akasema Kapteni kwa Kipolandi chake kile kinachochechemea. "Umetembea kwenye theluji yote hii? Unajua watu wanasemaje kuhusu theluji?" Akaweka kikombe chini, akainua kidole kama mwalimu wa kwaya. "*Theluji haina utu, haitwambii waliko.*"

Mstari wangu, mdomoni mwa Mrusi! Nikamwambia, "Pole, Kapteni, mimi najua tu kwamba inalowesha viatu."

"Nzuri, sivyo? Mtu mwenye kipaji. Ningependa sana kumjua." Alinitazama muda mrefu, akatabasamu, akarudia chai yake. Emilka alidondosha muhuri.

Alidondosha muhuri! Kwa nini?

Kifurushi sikukichukua. Nilisahau kabisa kilichonipeleka.

17 Januari

Nimekosa raha kanisani. Shairi limetoka mdomoni mwangu likaingia masikio sita tu. Kwa hiyo kuna mtu kati ya wale watatu.

Salomea simhesabu. Ni kama kujishuku mimi.

Brygida: mdomo hauna kifuniko, anauliza maswali kupita kiasi, na padri anaogopa kivuli chake. Labda alimwambia padri, padri akamwambia Kapteni ili aachwe aishi.

Emilka: mumewe anakunywa chai na Mrusi. Hereni. Muhuri. Na ni kweli ubeti uliosomwa si wake, ni wa Salomea, lakini alikuwa ameketi ubavuni pake siku nzima. Mwenye masikio huiba.

Nikiandika hivi naona nimeshahukumu. Sijali.

23 Januari

Wamekuja tena kuchambua. Sikuimba, nikasema koo linaniuma. Nilikaa nikiwatazama mikono. Emilka anachambua haraka, hainui macho. Brygida akapiga chafya, manyoya yakapaa hadi kwenye sanamu ya Bikira, tukacheka wote, hata Salomea. Katikati ya kicheko Emilka akaniuliza, "Dada Apolonia, wale wakata kuni, walisema lolote kuhusu waliotoroka? Walikuwa wangapi?"

Kicheko kikanikauka. Nani anauliza idadi ya waliotoroka, kama si anayetumwa?

"Hawakuhesabu," nikamjibu. "Walikuwa na kazi ya kukata kuni."

24 Januari

Theluji. Malkia hataki kula.

2 Februari

Sikukuu ya mishumaa. Tumebariki mishumaa, upepo ukaizima mlangoni pa kanisa, watu wakasema mwaka mbaya. Kana kwamba uliopita ulikuwa mzuri.

Nikiwa nimepiga magoti nikapata akili. Mungu anisamehe, ilikuwa katikati ya misa. Nitatunga beti tatu mpya. Kila mmoja nitampa ubeti wake faraghani, na nitamwambia umetoka kwa wakata kuni kama zile za mwanzo. Kila ubeti utasema vijana wetu wamezikwa mahali fulani, na kila mahali patakuwa tofauti. Warusi wanayatafuta makaburi hayo kwa sababu waasi huzika wafu wao pamoja na bunduki. Pale watakapochimba, ndipo nitakapomjua msaliti.

Brygida nitampa kinu cha maji cha zamani. Emilka nitampa ile miti myeupe nyuma ya tanuri la matofali.

Salomea naye itabidi nimpe, asije akajiona ametengwa akaanza kuwauliza wenzake. Wake nimeufanya mzuri kuliko yote. Nimeutunga kwa raha, ulikuja wenyewe. Ni ule mpea mwitu ulio peke yake kwenye mpaka wa shamba la Kania:

*Mpea mwitu shambani, usimame mpakani,*
*Umlinde alo chini, hana jeneza jamani,*
*Maua yako mwakani, yamwagie kifuani,*
*Mama yake yu njiani, mwambie yumo nyumbani.*

4 Februari

Nimemaliza kugawa. Brygida aliniomba nirudie mara nne. Emilka alishika mara moja tu, halafu akaniuliza kama miti ile ni ile inayoonekana kutoka barabarani. Haya, bibie, umeshaanza.

Salomea alisikiliza akiwa amesimama, ndoo mkononi. Nilipomaliza aliweka ndoo chini, akanishika mkono. Nikafurahi. Mtunzi naye ni mtu, anapenda kuona shairi lake limemgusa mtu hata kama halina jina lake.

7 Februari

Ardhi ni chuma. Hakuna wa kuchimba hata akitaka. Nimepita kinuni, tanurini na mpeani. Theluji safi, haina alama.

10 Februari

Jumatano ya majivu. Ardhi ni chuma. Kapteni naye alipokea majivu? La hasha, wao kalenda yao nyingine. Alisimama nje tu akituhesabu tunavyotoka.

15 Februari

Ardhi ni chuma. Kinuni hakuna kitu. Tanurini nyayo za mbweha. Nimerudi nikiwa siisikii miguu. Salomea aliniona kutoka dirishani, akaja na supu ya mtama.

"Unazunguka wapi kwenye baridi hii, Pola?"

"Natafuta bata aliyepotea."

"Bata wako wote wako uani, nimewahesabu." Akakaa. Akachezea kona ya leso. "Wale wakata kuni. Wana uhakika?"

"Uhakika wa nini?"

"Wa mpea."

"Wakimwambia mtu wameona, wameona," nikasema. Nilikuwa na njaa na supu ilikuwa inapoa.

19 Februari

Tumemaliza gunia la mwisho la manyoya. Emilka hakuja, eti mtoto ana homa. Brygida alikuja, akala maandazi yote ya mbegu za mpopi, akaenda. Salomea anashona ganda la mfarishi, kitambaa cha mistari ya buluu.

27 Februari

Nimemfukuza Emilka.

Alikuja na kikapu cha tufaha zilizokaushwa, shukrani ya kumtibu mtoto homa ile. Nikamwambia mlangoni kwamba nyumba hii haihitaji tufaha za watu wanaokunywa chai na Kapteni. Akawa mwekundu kuliko hereni zake.

"Ni mume wangu anayekunywa chai," akasema.

"Chai ya mume huwa inamwagika na kwa mke."

Aliweka kikapu juu ya theluji akaondoka. Nimekiacha pale pale. Jioni nikaona kunguru wanazila, nikazitoa, nikaziingiza ndani. Ni tufaha nzuri, hazina kosa.

3 Machi

Paa linadondosha maji. Upepo umegeuka, unatoka kusini. Nilisukuma kijiti ardhini nyuma ya banda kikazama hadi nusu. Sasa tutaonana.

5 Machi

Kinuni hakuna kitu. Tanurini hakuna kitu. Mpeani sikwenda, matope yamejaa njia, na hata hivyo ya nini.

9 Machi

Nitaandika kwa mpangilio, nisije nikapotea.

Asubuhi nilikuwa nawamwagia bata maji. Emilka akaja mbio kutoka barabarani, bila shali, viatu vimejaa matope. Nilijiandaa kumtukana.

"Wanachimba!" akasema. "Askari wanachimba, mpeani kwa Kania!"

Nikasema, "Kinuni, au tanurini?" Nilidhani amekosea.

"Mpeani, nakwambia! Na mama Ksawery yuko nao!"

Nilikimbia na ndoo mkononi. Sijui kwa nini sikuiacha.

Salomea alikuwa ndani ya shimo hadi magotini, anachimba yeye. Askari wawili walikuwa wameketi juu ya mzizi wakivuta tumbaku, na majembe yao yamelala. Shimo lilikuwa refu na pana, walikuwa wameanza alfajiri. Juu ya ukingo kulikuwa na shuka nyeupe imekunjwa vizuri, mkate, na mshumaa uliobarikiwa, ule wa sikukuu ya mishumaa.

"Pola!" akaniita, uso umetapakaa udongo, na ulikuwa uso wa furaha. "Njoo unisaidie, hawa hawajui kuchimba, wanatupa udongo ndani tena!"

"Salomea, toka humo."

"Amenipa ruhusa. Kapteni. Nilimsihi, nikamwambia bunduki mkizikuta chukueni zote, mwana niachieni mimi. Akakubali. Alikuwa anangoja ardhi ilainike."

"Ulimwambia ubeti?"

"Si angetaka kujua nimejuaje?" Aliegemea jembe akapumua. "Usinigombeze. Nilijua utanigombeza ndiyo maana nikakuficha. Kila Ijumaa nakwenda kwake na mayai, tangu msimu wa viazi. Namwomba aniambie mwanangu yuko wapi. Ananiambia hajui. Siku moja nikamwimbia ile ya theluji, nikafikiri labda naye ana mama."

Kwa hiyo ni yeye. Tangu mwanzo ni yeye. Nilisimama pale na ndoo yangu.

"Akauliza nani katunga," akaendelea, anachimba tena. "Nikamwambia ni mimi. Ningemtaja nani? Wewe ndiye uliyetuletea, ningekuponza. Nikasema mama mtu ndiye katunga, mwacheni alie."

Nilishuka shimoni nikaanza kutoa udongo kwa ndoo, kwa sababu niliona haya kusimama. Nilitoa udongo nikijua hakuna kitu chini yake. Nilikuwa najua, na nikazidi kutoa.

Mchana akaja Kapteni kwa farasi. Akatazama shimo, akatazama maji yaliyoanza kujaa ndani yake, akawauliza askari swali kwa Kirusi, wakatikisa vichwa. Akashuka.

"Bibi," akamwambia Salomea, "nimekupa askari, majembe na siku nzima. Naona mizizi."

"Labda ni upande wa pili," akasema Salomea. "Mti una upande wa pili."

"Mti una upande wa pili!" Alicheka, lakini alikuwa amekasirika, mwekundu hadi shingoni, kwa sababu Kania na wafanyakazi wake walikuwa wanatazama kutoka kwenye ua. "Umekubali mbele yangu kwamba umetunga wimbo wa uchochezi. Nilivumilia kwa sababu nilitaka kaburi. Sasa kaburi sina. Nitapeleka makao makuu nilicho nacho."

Wakamtoa shimoni kwa makwapa. Hakupambana. Alinigeukia tu. "Shuka isilowane," akasema. "Na upande wa pili, Pola. Sikuufikia. Chimba wewe."

Nikasema ndiyo. Hilo ndilo neno nililosema. Nilisema ndiyo.

10 Machi

Brygida na Emilka wamekuja pamoja. Niliwaambia kila kitu: kwamba shairi ni langu, kwamba beti tatu zilikuwa mtego, kwamba chini ya mpea hakuna mtu wala hajawahi kuwako. Brygida alisahau kukaa.

Emilka alingoja nimalize. "Na ubeti wangu," akasema, "ule wa miti myeupe. Ulikuwa mtego?"

"Ndiyo."

"Namwimbia mtoto akilala." Akavua hereni moja, akaiweka juu ya meza yangu, kisha ya pili. "Unazichukia hizi, nimekuona. Mume wangu ananilazimisha nizivae, Kapteni asije akaripoti kwamba nyumba ya posta inaomboleza. Kaka yangu Hilary alikuwa Topielec. Yule wa mama mwingine, hujui, hujawahi kuuliza. Ndiyo maana nilitaka kujua waliotoroka walikuwa wangapi."

Yesu na Maria, ningetaka ardhi inimeze.

"Na mimi?" akauliza Brygida. "Mimi ulinishuku kwa lipi?"

"Unauliza kila kitu mara nne."

"Sisikii kwa sikio hili!" akapiga kelele. "Miaka sita sasa! Mji mzima unajua!"

Mimi sikujua. Niliwatazama mikono majira yote ya baridi na sikujua hata hilo.

12 Machi

Nimekwenda kwa Kapteni. Nilivaa sketi nyeusi juu.

Nilimwambia mtunzi ni mimi. Akasema mwenzangu anadai shairi ni lake, na kwamba hana muda wa vikongwe wawili wanaogombea wimbo.

"Mwulize ubeti wa kinu," nikamwambia. "Mwulize wa tanuri. Hajui, sikumpa. Mimi nazijua zote."

Nikazisoma zote, nimesimama, mbele yake na karani wake. Ilikuwa mara ya kwanza kusikia shairi langu likisomwa zima kwa sauti. Lina udhaifu katikati, beti mbili zinajirudia. Lakini ni zuri. Nasema nilivyoona.

"Na ule wa mpea?" akauliza. "Kwa nini mpea, kama hakuna kitu?"

"Nilikuwa namtafuta msaliti."

Alicheka mpaka akafuta macho. "Bibi Apolonia! Ungeniuliza mimi! Anakuja kila Ijumaa na mayai, mji mzima unamwona. Wewe peke yako ndiye huoni, kwa sababu unachungulia wengine." Kisha kicheko kikamwisha, akachukua kalamu. "Nyumbani kwako, chini ya ulinzi, mpaka msafara wa wafungwa wa kwenda mashariki. Yule mama ataachiwa."

"Mwanawe yuko wapi?"

"Sijui. Nimemwambia mara ishirini, na nilikuwa nasema kweli." Aliandika mstari. "Waliokamatwa wakiwa hai Topielec walipelekwa mashariki. Nusu yao walikataa kutaja majina. Ninyi Wapolandi, hata jina mnalifanya siri, halafu mnauliza."

13 Machi

Salomea amerudi. Nilimwita kwenye ua, askari wangu akitazama, nikamwambia. Sikupunguza neno. Nilimwambia hakuna upande wa pili, nimelibuni kaburi, nimeyabuni na maua.

Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ulinipa kaburi," akasema. "Sikukuomba. Ulikuja nalo mwenyewe ukanipa."

Aliingia ndani. Nikasikia komeo. Mlango ule ulikuwa haujafungwa tangu Septemba.

27 Machi

Pasaka. Brygida kanipitishia mayai ya rangi dirishani, akampa askari moja. Kwa Salomea moshi unatoka, mlango umefungwa.

4 Aprili

Mvua. Mlango umefungwa.

11 Aprili

Kwenye mto wanawake wanafua na wanaimba. Upepo ulipoelekea huku nikasikia maneno. Ni ubeti wa mpea. Kati ya beti zote, wamechukua huo wa uongo. Brygida anasema watu wanaweka mishumaa kwenye lile shimo, na kila mama ambaye mwanawe hakurudi anasema ni wake. Kapteni ameamuru mti ukatwe.

14 Aprili

Leo naondoka. Malkia na wenzake nimempa Emilka. Alikuja kuwachukua mwenyewe, akanisaidia kufunga mzigo, akaniwekea tufaha zilizokaushwa katika kila pembe. Nilikagua chini ya tufaha nikidhani kuna kitu kimefichwa. Akaniona nikikagua. "Hata leo?" akasema, na tukacheka, na nikamlilia begani kama mjinga.

Gari la farasi lilikuwa limeshajaa. Nilipanda. Hapo mlango wa Salomea ukafunguka, akatoka akiwa amekumbatia mfarishi wa mistari ya buluu, mkubwa kuliko yeye. Askari alitaka kumzuia, akampita. Akautupa mapajani mwangu. Manyoya yote ya majira ya baridi yamo humo, ninayajua kwa mkono.

"Salomea, siwezi kuchukua huu."

"Si wako," akasema. Sauti yake ilikuwa kavu, alikuwa hajanisamehe. "Nimefikiri mwezi mzima. Kama hayuko chini ya mpea, basi sijui kwamba amekufa. Umeninyang'anya hilo, basi nitafutie lingine. Wale uliosema walikataa kutaja majina wako huko unakopelekwa. Kila utakakofikishwa utazame nyuso. Unamjua, umemlea, ana kovu la bata wako kidevuni."

"Nitatazama."

"Mfarishi ni wa Ksawery. Utajifunika mpaka umpate, ukimpata utampa. Usiulaze kwenye unyevu."

Gari likaondoka. Alibaki barabarani, mikono haina kitu, hajui pa kuiweka. Nyuma yake mlango aliuacha wazi.

16 Aprili

Kituo cha kwanza. Mvua ya theluji, nimejifunika, askari wananionea wivu. Jioni waliongeza wafungwa kutoka jela ya wilaya, vijana, wamenyolewa vichwa. Niliwapita mmoja mmoja na mshumaa, nikiwashika videvu. Walidhani nina kichaa. Mmoja akaniuliza, "Mama, unamtafuta nani?"

Nikamwambia. Hayumo. Kesho, wanasema, tutakuta wengine.